Kitanda cha Chini na Maua ya Mlimani

Anayetaka kujua thamani ya kitanda cha chini na aje alale Naif, hapa Dubai. Si lazima kwetu, maana kwetu pamejaa, lakini chumba chochote kinachopangisha vitanda kitamfundisha. Kitanda cha juu kiyoyozi kinakupuliza usoni kama kimekodiwa kwa kazi hiyo, taa iko karibu na kope zako, na ukitaka kwenda msalani unashuka ngazi ya chuma kinyumenyume, mguu ukitafuta pa kukanyaga. Kitanda cha chini kina pazia. Kina soketi ya simu. Kina uvungu wa kuweka begi. Mtu wa chini ana nyumba, mtu wa juu ana rafu.

Mimi nilikuwa mtu wa rafu. Kazi yangu ni kuwanunulia watu bidhaa. Wateja wako Kariakoo, Mombasa na Kampala. Wananitumia picha ya wanachotaka, nami nazunguka madukani, nabembeleza, nafoka, naondoka kwa hasira, naitwa, narudi. Maboksi nayahesabu kabla ya kulipa, nayahesabu tena yakishafungwa kamba, na mwenye duka akinuna namwambia simhesabu yeye, nahesabu maboksi. Naishi Naif kwa sababu mzigo uko Naif. Ningeweza kupanga mahali pazuri zaidi, Al Twar kwa mfano, kama ningekuwa tayari kulipa kodi na kula hewa.

Chini yangu alilala Akka. Akka si jina lake. Ndivyo Wasrilanka wanavyomwita dada mkubwa. Yeye aliniita Nangi, yaani mdogo wake wa kike. Alikuwa msafishaji katika jumba kubwa la maduka kule Al Barsha, zamu ya usiku. Basi la kampuni lilimrudisha asubuhi, wakati mimi natafuta viatu nitoke. Magoti yake yalikuwa mabovu. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani niliambiwa baadaye. Kila asubuhi nilimwona ameketi ukingoni mwa kitanda, anayapaka mafuta makali yanayonuka chumba kizima, anayafunga bendeji, kisha anajilaza bila kunyanyua mguu juu ya kitu chochote. Ndiyo faida ya chini.

Mama yake alifariki wakati kampuni mpya inamhamishia viza. Ya zamani imefutwa, mpya haijatoka, pasi iko ofisini. Mtu akitoka nje ya nchi hapo amejifukuza kazi mwenyewe. Akazika kwa simu. Aliiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nywele, akakaa mbele yake amefunga mikono, nasi tukanyamaza wote, hata Mkenya wa kitanda cha mlangoni, mlinzi wa hoteli, ambaye sijawahi kumwona amenyamaza tena tangu siku hiyo.

Baada ya muda ikaja safari yangu ya Kolombo, kwao Akka. Mteja mmoja alisikia kwamba viwanda vya nguo vya kule huuza mabaki ya oda za Ulaya kwa bei ya kutupa, akataka niende nikashike kitambaa kwa mkono. Akka alinisikia napanga kwenye simu.

"Nangi, Kolombo utakaa sana?"

"Nitakaa kadiri mwenye kiwanda atakavyokuwa mbishi."

"Kuna mlima," akasema. "Kila msimu mama alipanda na wenzake, wamevaa nyeupe. Njiani, ubavuni mwa mlima, kuna hekalu la Budha. Aliniambia nikija likizo tutapanda wote." Akaikaza bendeji ya goti. "Mpelekee maua, Nangi. Utaje jina lake, useme yametoka kwangu. Basi."

Mtu mwingine angesema sawa dada, pole dada. Mdomo wangu mimi umefanya kazi sokoni muda mrefu, unafunguka kabla sijaupa ruhusa.

"Na mimi napata nini?"

Nilikuwa natania. Hata sauti ilikuwa ya utani, ile ninayomtolea Mwirani wa mablanketi. Akka hakucheka. Alikitazama chumba chote, ukuta kwa ukuta, kama mtu anayetafuta alichonacho. Kisha akapiga godoro lake kwa kiganja.

"Hiki."

"Akka, hebu acha."

"Hiki. Wewe huko juu unakohoa kila siku. Shuka. Mimi nitapanda."

Mkenya akadakia kutoka mlangoni, "Aki si uchukue tu! Kitanda cha chini? Mimi hiyo milima ningepanda na magoti."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema hapana, na napafahamu vizuri kama ninavyofahamu mlango wa nyumba yetu. Nikasema, "Tutaona." Sokoni tutaona maana yake ni ndiyo, ila ina haya kidogo.

Nilirudi jioni nikakuta ameshakwenda kazini. Matandiko yangu yalikuwa chini, yamekunjwa vizuri kuliko ninavyoyakunja mimi. Pazia ameniachia, amelifua. Yake yako juu. Nikalala. Nililala vizuri mno, nalo hilo nalikiri, sikukohoa hata mara moja. Asubuhi akaingia, akanisalimia, akashika ngazi kwa mikono miwili. Mimi nikainama kutafuta kiatu ambacho tayari nilikuwa nimekivaa.

*

Mama yangu yuko Tanga, sala zake hazimpiti, na kama angejua mwanawe anakwenda kuweka maua mbele ya sanamu angenisomea Yasini nikiwa hai. Shehe sikumuuliza. Ukiuliza unajibiwa. Nilijiambia mimi ni wakala tu: mwenye mzigo ana dini yake, mzigo unafika, wakala anarudi. Ilikuwa hoja nzuri, na ilinifikisha mpaka Kolombo.

Biashara ilikwisha mapema. Mwenye kiwanda hakuwa mbishi hata kidogo, jambo lililonikera, maana mtu akikubali upesi unabaki kujiuliza ungeshusha mpaka wapi. Nikanunua gauni jeupe na mtandio mweupe, kama Akka alivyoniagiza, nikapanda basi lililojaa watu waliovaa vilevile. Mabibi walikuwa na vifurushi mapajani, wanaimba kwa zamu, upande huu wanaanza, upande ule wanapokea. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini mle. Mmoja alinisogezea kipande cha chungwa bila kunitazama.

Mlima ulianza palepale basi liliposimama. Njia ni ngazi za mawe, huku msitu, huku mashamba ya chai, na wanaoshuka wanawaita wanaopanda kwa maneno ya kuwatakia heri, nao wanaitikia. Pale chini kulikuwa na vibanda vya maua. Nilichagua kibanda cha mama mmoja mfupi, midomo myekundu kwa tambuu, kwa sababu alikuwa na wateja wachache, na mwenye wateja wachache hushuka bei haraka.

Alinitazama mtandio, akanijaribu kwa Kiarabu. Kile cha jikoni, cha Ghuba, ambacho sisi wote tuliofanya kazi huku tunakijua.

"Inti umetoka wapi?"

"Dubai. Lakini mimi Mtanzania."

"Dubai!" Akapiga kofi. "Mimi nimekaa Kuwait kwa madam miaka mingi. Watoto wake wote nimewaogesha mimi. Unataka maua ya nani?"

Nikamweleza: ya mama wa rafiki yangu, marehemu, rafiki hawezi kuja. Akaniwekea mayungiyungi ya buluu kwenye sinia dogo la ukindu. Akataja bei. Nikacheka. Nikataja yangu. Akashika moyo kana kwamba nimemchoma. Nikageuka kuondoka, akaniita, nikarudi. Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda duniani kote, na mwisho nilipata karibu na nilipotaka. Nilifurahi. Nikalipa, nikachukua sinia, na kama ninavyofanya na kila kitu ninacholipia, iwe udi, mchele au ngozi ya mkoba, nikayanyanyua puani nijue kama ni ya leo.

"La, la, la!" Akaninyang'anya sinia. Watu wakageuka.

"Kuna nini? Nakagua mali."

"Haifai! Harufu ni yake yeye. Unampelekea mtu chakula, wewe umekionja kwanza?"

Nilisema sikujua. Alikuwa ameshayamwaga yale maua kwenye ndoo pembeni, anachagua mengine, mazuri kuliko ya kwanza. Nikafungua pochi. Akausukuma mkono wangu kama anamfukuza nzi.

"Haya natoa mimi. Kwa huyo mama."

Dakika chache nyuma nilikuwa nimemkamua mpaka senti ya mwisho. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia ndoo.

Akamwachia dada yake kibanda, akasema anapanda pamoja nami kwa kuwa juu kuna watu wanagawa chakula na ameahidi kwenda kuosha sufuria. Tukapanda. Alikuwa na umri wa mama yangu na alizungumza njia nzima: kuhusu madam wa Kuwait, kuhusu friza ya madam, kuhusu jinsi alivyokuwa akijifungia bafuni ili apate kulia kwa raha. Mimi nilihema tu. Sinia nililibeba mbali na uso, mikono nimeinyoosha, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kulipuka.

Kwenye kona moja tukakuta hema la maturubai na masufuria makubwa. Vijana wanasimama katikati ya njia wanawazuia wapita njia, "Njooni, njooni!" Nikapewa chai na kipande cha sukari guru, kisha wali na dengu kwenye jani. Nikauliza ni bei gani. Yule kijana hakuelewa. Nikamwonyesha pochi. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone.

"Weka hiyo kitu," akasema mama wa maua. "Ni bure."

Mimi na bure hatuelewani. Dubai ukipewa chai ya bure ujue zulia la kuuziwa linakuja. Nikatazama huku na huku nikitafuta zulia. "Wanauza nini?"

"Hawauzi. Baba yao amekufa. Wanalisha watu kwa ajili yake. Wewe unakula, thawabu anapata yeye."

"Hata mimi nisiyemjua?"

"Hasa wewe."

Kwa hiyo nikala. Ulikuwa wali mtamu. Watu wazima na elimu zao wamesimama kwenye moshi, macho yanawatoka machozi, wanawasihi wageni waje kula. Mwenye hema, mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, aliinama kuokota majani yaliyotumiwa na watu. Kila mmoja hapo alikuwa anatoa. Nikajikuta nimesema, bila kupanga:

"Mama, na kama mtu amelipwa kuleta maua?"

Alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi aende kwenye sufuria. Akasimama. "Nani amelipwa? Wewe?"

"Mimi."

"Kiasi gani?"

"Si pesa. Kitanda."

"Kitanda kizima?"

"Nafasi ya chini."

Ningemwambia mtu mwingine yeyote pale mlimani asingeelewa kitu. Huyu alikuwa amekaa Ghuba. Alielewa yote kwa mara moja: chumba, pazia, soketi, ngazi.

"Magoti yake yakoje?" akauliza.

Nikakunja jani langu. Akaosha sufuria zake.

*

Hekalu lenyewe ni pango lililopakwa chokaa, limechongwa ubavuni mwa mlima, na mbele yake kuna uwanja wa mchanga uliofagiwa, kuba jeupe, na mti wao mtukufu uliozungushiwa vitambaa. Tukavua viatu. Nilivihesabu mara mbili, vyangu na vyake, nikaviweka pamoja nyuma ya jiwe, kwa mazoea. Watu walikuwa wengi, wametulia, wanasogea polepole kuelekea mlangoni.

Katika ule msongamano mkono wa mtu ukaja kwenye sinia langu. Nimelelewa Kariakoo kwa shangazi. Mkono wa mtu ukija kwenye kitu nilichoshika, sihitaji kufikiri. Nikalivuta sinia kifuani, nikakita kiwiko. Ukaja mkono mwingine, wa mzee. Nikageuka upande nikamzuia kwa bega. Mkono wa tatu ulikuwa wa mtoto aliyebebwa, nao nikaukwepa.

"Hee! Mezeni mate," nikawaambia kwa Kiswahili. "Haya yana mwenyewe."

Mama wa maua alikuja akipasua watu. "Unafanya nini? Waache waguse!"

"Wanataka kuchukua."

"Hawachukui! Wanagusa tu. Akigusa ni kama ametoa pamoja na wewe. Asiye na maua anagusa ya mwenzake. Hayapungui!"

Nikalishusha sinia. Aibu ilinipanda toka nyayoni kwenye mchanga ule wa moto. Yule mzee niliyemzuia kwa bega akarudi, bila kinyongo, akaligusa ukingoni kwa vidole viwili, akafumba macho, akaenda zake ameridhika kama mtu aliyemaliza shughuli. Mtoto akagusa. Akagusa msichana mwenye sare ya shule, akagusa mwanamke mjamzito, wakagusa watu ambao sikuwaona nyuso, mikono tu, inakuja na kuondoka. Nami ndiye niliyeshika sinia kwa chini, kwa mikono miwili, na katika mikono yote ile ni yangu tu iliyokuwa imelipwa.

Ndani mlikuwa na ubaridi. Sanamu kubwa la Budha limelala ubavu kwenye mwamba, rangi ya manjano, jicho nusu wazi. Nilimwomba Mungu wangu msamaha kwanza, nikayaweka maua mezani, nikataja jina la mama wa Akka. Nikasema yametoka kwa binti yake aliye Dubai. Nililisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu cha jikoni, kwa tahadhari. Nilitaka kuongeza kitu kuhusu kitanda, nikakosa pa kuanzia. Unamwambiaje marehemu kwamba binti yake umempandisha juu?

Nilipiga picha ya maua peke yake. Mama wa maua aliniaga kwenye viatu. Hakunilaumu wala hakunipa pole. Alinikumbusha nishuke upande wenye kamba ya kushikilia, mawe yanateleza.

*

Nilitua Dubai alfajiri, nikafika Naif kabla ya basi la kampuni. Kazi ya kwanza niliyofanya ni kuhamisha matandiko. Yake nikayashusha, nikayanyoosha, mto nikaupiga uinuke. Yangu nikayarusha juu. Mkenya alikuwa anafunga kamba za buti aende zamu.

"Kwani mmeachana?" akauliza.

"Shughulika na buti lako."

Akka akaingia na sare yake, mkoba begani. Hakutazama vitanda. Alinyoosha mkono apewe simu. Nilimwonyesha picha, akakaa kwenye ndoo ya nguo akaitazama, akaikuza, akaenda ua kwa ua. Nikamsimulia habari ya kunusa, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamsimulia habari ya mikono, hata ya mzee niliyemzuia.

"Waligusa wengi?"

"Wengi, Akka. Wengi kweli."

Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kazini. Kisha akainuka ili alale, akaona.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Nilikuwa natania siku ile. Rudi kwako."

"Hapana."

"Akka, nakuomba. Mtu hachukui malipo kwa jambo kama lile."

"Sikukulipa wewe." Hakuwa amekasirika, alikuwa anaeleza, kama anavyomweleza mgeni mahali pa kuweka sabuni. "Mshahara ni wa watoto. Muda ni wa kampuni. Mama amekufa, nikatafuta nina kitu gani changu mwenyewe nimtolee. Dubai nzima nilikuwa na hicho kitanda. Nikakitoa. Ni cha mama hicho. Sasa unataka kumnyang'anya?"

"Lakini ninayelala ni mimi!"

"Si lazima mtu alale? Huko mlimani hukula wali wa baba wa watu?"

Nilikula. Kisha nikafanya kazi ninayoijua. Nilimwambia tugawane: usiku yuko kazini, nilale chini mimi, mchana niko sokoni, alale chini yeye. Kitanda kimoja, watu wawili, hatukutani. Ilikuwa hesabu safi, sijawahi kutoa ofa safi kuliko ile. Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi achukue pazia. Akatikisa. Nikamwambia nitanunua godoro jipya, nene, liwe lake huko juu. Akasema la sasa linamtosha. Nikageuka kuondoka kwa hasira, nikafika mpaka mlangoni, nikasimama hapo nikisubiri kuitwa. Hakuniita.

Nikarudi mwenyewe.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka nipande kule mwenyewe. Khalas, Nangi. Nisaidie kubadilisha shuka."

Tukabadilisha shuka.

Viza yake imetoka, likizo bado. Naiulizia kuliko anavyoiulizia yeye. Nimeshamwambia msimamizi wake kwenye simu kwamba mimi ni ndugu yake, na msimamizi amenijibu inshallah, neno ambalo bei yake naijua. Asubuhi natandika kitanda changu kwa uangalifu ambao sikuwa nao maishani, nachomeka pembe za shuka, nafunga pazia. Kitashinda kitupu mpaka jioni. Yeye anaingia, anapaka mafuta magoti akiwa amekaa kwenye ile ndoo ya nguo, maana kwenye kitanda hakai hata ukingoni, anafunga bendeji, anashika ngazi. Najitahidi niwe nimeshatoka. Maduka ya Naif bado yamefungwa saa hizo, nasimama kibarazani kwa muuza chai.